Kifaru cha Buluu

Juzi nilipita sokoni Isiolo, mahali mama mmoja alikuwa akikata miswaki. Harufu ile kali ya mti mbichi iliniingia puani, na papo hapo nikawa tena msichana wa miaka kumi huko Chechelesi, nimechuchumaa kando ya kiti cha Baba, vidole vimegandamana kwa gundi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Baba alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya kambi ya jeshi, raia miongoni mwa askari, kazi yake kukarabati vifaru. Nami nilipenda vifaru kuliko wanasesere, jambo lililowapa majirani la kusema. Mwaka ule nyumbani hapakuwa na raha. Nilimsikia Mama akimnong'oneza shangazi kwamba kazi za Baba zilikuwa zinarudishwa kwa makosa, na kwamba akifukuzwa tutahamia Gotu kwa mjomba, na shule yangu itaishia hapo. Niliogopa sana. Kwa akili yangu ya kitoto, nikaamua kumtengenezea kifaru ili afurahi.

Mwili niliuchonga kwa ubao. Kile kichwa chenye mzinga nikakiunda kwa kopo la maziwa. Baba hakukitazama, alikipapasa tu.

"Hii si kifaru, Kaltuma," akasema. "Hii ni sufuria."

Akanieleza kwamba chuma cha kichwa huyeyushwa, kikamwagwa kwenye kalibu ya mchanga, na mchanga huo hukiachia ngozi ya vipele vidogo vidogo. Nikitaka kifaru cha kweli, nitafute ngozi hiyo.

Basi nikaitafuta. Niliyeyusha gundi ya mgunga kwa maji moto, nikachekecha mchanga wa mtoni kwa shela kuukuu ya Mama, nikachanganya. Nilipopaka kwa kitambaa, ikatoka mistari. Baba akauliza kama nimelima shamba. Nilipozidisha mchanga, akasema kifaru kimeshikwa na ndui. Ndipo akanipa mswaki wake, uliotafunwa hadi ncha ikachanuka, akanishika mkono: usiburute, dona tu kama kuku, inua, dona tena. Kila jioni nilimpelekea. Kila jioni alipitisha dole gumba polepole, akapata kasoro, nami nikakwangua na kuanza upya, nimenuna.

Wiki ya tatu dole gumba lilisimama.

"Hii sasa imetoka kwa kalibu," akasema.

Nilitoka mbio kwenda kukipaka rangi. Rangi pekee niliyopata ilikuwa ya buluu, mabaki ya mlango wa jirani, lakini kwa furaha niliyokuwa nayo hata ya waridi ningepaka.

Jumamosi akaja nyumbani sajini, mkubwa wa Baba pale karakana. Mama akachungulia kutoka jikoni.

"Habari ya hapa, Fundi?"

Baba hakungoja chai. Alimnyooshea kifaru changu. "Angalia kazi ya huyu msichana. Ngozi ya kalibu kabisa. Na rangi ni ile ile ya kambi."

Nikacheka. "Baba, si hiyo ni buluu."

Kicheko hicho kinanichoma mpaka leo. Sajini alimtazama Baba usoni, na Baba akainamisha kichwa. Hapo hata mimi nikajua. Macho yake yalikuwa yanazimika, na alikuwa ametuficha sote. Nikaangua kilio, nikiamini nimemwachisha kazi baba yangu kwa mdomo wangu.

 Sajini alifumba macho, akakipapasa kile kichwa cha kifaru kwa muda mrefu.

"Kwa mkono, hata mimi ningesema ni ya kambi," akasema mwishowe. "Fundi, Jumatatu usiende karakana. Enda stoo. Huko spea ukishika tu unajua ni ya nini."

Baba alifanya kazi stoo miaka mingi, nami nikamaliza shule. Siku zote nilidhani jioni zile alikuwa ananifundisha mimi. Nimeelewa ukubwani kwamba naye alikuwa mwanafunzi: giza lilikuwa linamjia, na alikuwa akipima kama vidole vitaweza kazi ya macho. Na zile kasoro, nyingine sidhani zilikuwepo. Nadhani alitaka tu nirudi kesho yake. Ningejua, ningekosea makusudi.