Mzunguko wa Nne wa Joanitha

Joanitha alikuwa akimalizia kuzunguka Izimbya mara ya tatu, daftari kwapani, na miguu ilimuuma mpaka nyongani. Kikundi chao cha kahawa, ambacho yeye alikuwa mwandishi wake, kilikuwa na vichanja sita tu vya kuanikia. Kila nyumba ilitaja wiki inayoitaka, na siku ngapi ingelima shamba la pamoja ili kuipata. Waliotaja siku nyingi ndio wangepewa. Utaratibu huo aliubuni yeye, pamoja na sharti ambalo sasa lilimmaliza: mmoja akisema jambo jipya, wote waambiwe, kisha waulizwe upya.

Jioni hiyo alikuwa amebakiza mtu mmoja, Clavery.

"Niandikie wiki ya kwanza ya Juni. Siku mbili."

"Mvua haijaisha wiki hiyo. Unaitakia nini, waitu, ndugu yangu?"

Clavery akacheka cheko la mtu aliyebanwa. "Binamu yangu wa Rwamishenye anasema kuna mnunuzi anakuja tarehe kumi Juni. Anataka kahawa iliyokaukia kichanjani, si chini, na bei yake ni nzuri. Lakini mwandishi, umechoka. Ishia hapa."

Alikuwa amechoka kweli. Nyumbani ndizi hazijamenywa, na mumewe, Avit, alishaacha kumuuliza anarudi saa ngapi. Angeishia hapo, nani angelalamika? Mtu halililii asilolijua. Kokushubila, mjane mwenye miti arobaini ya kahawa, alikuwa ametaja Agosti.

"Nitawaambia," alisema.

"Laiti ningenyamaza!"

"Ungenyamaza ningekuuliza mpaka kesho."

Asubuhi alianzia kwa mjane. Kokushubila alimsikiliza huku akimenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Niwekee Juni. Siku sita."

"Sita, mae, mama yangu? Kwa mgongo huo?"

"Mgongo huu unaweza kulima. Kungoja Agosti ndiko hauwezi."

Joanitha akaandika sita. Hakuna nyumba iliyokuwa imefika hapo, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

"Lakini wenzangu wanajua," mjane akaendelea, "kwamba vile vichanja viwili vya chini ya mvule havipati jua mpaka saa sita? Kahawa itaoza pale. Mimi hupaona nikienda kanisani."

"Hakuna aliyesema."

"Hata wewe hukujua?"

Joanitha akajiketisha mkekani, akanyoosha miguu.

"Nipe kwanza maji, mae. Wote lazima waambiwe upya, na kwa Clavery ni mbali."