Ukingo Ulioungua

Miaka ile ya maziwa ya bure shuleni, jirani yetu hapa Eldoret alikuwa sista mzee kutoka Ufaransa, mkunga aliyestaafu. Kwao ni mji mdogo kando ya ziwa, mashariki ya nchi ile, wenye jina ambalo mimi, mwalimu mzima, sikuwahi kulitamka bila yeye kucheka.

Mezani kwake palikuwa na kitambaa cha kitani kilichofumwa huko kwao. Ukingo mmoja ulikuwa umeungua, na kila tulipokunywa chai kidole gumba chake kilipapasa pale pale. Tulidhani ni mazoea ya uzee.

Alipoitwa arudi kwao kabisa, mama yangu alijitolea kukifua. Mama alikuwa bingwa wa krosha, ule ufumaji wa uzi kwa sindano ya ndoano. Nyumbani kwetu hata redio ilivalishwa. Akakitazama, akaguna.

"Sasa huyu atafika kwao na kitu imeungua? Watasema sisi tulimkalisha vibaya."

Akachukua makasi, akakata, akazungusha krosha nyeupe pande zote. Ilikuwa kazi safi sana.

Sista alikikunjua mbele yetu.

"Mama, ile ya kuungua iko wapi?"

"Niliwashia jiko, Sista."

Akaketi. Akatueleza polepole kwamba wakati wa vita, alipokuwa msichana, wanajeshi wa adui waliokuwa wakiondoka waliuchoma mji wake wote. Mama yake alikichomoa kitambaa hicho motoni, akauzima ule ukingo kwa viganja, wakakimbilia ziwani. Baadaye mji ulijengwa upya, tena vizuri, lakini hakuna mlango hata mmoja anaoujua. Pale palipoungua ndipo mama yake alipopashika.

Mama yangu alilia kama aliyefiwa. Akaanza kuifumua krosha, Sista akamzuia mkono. "Wacha, Mama," alisema tu. Mimi nilimwonea mama uchungu kuliko Sista, kwa sababu alikuwa ametaka mema matupu.

Siku ya safari mama alikataa kutoka nje kwa aibu. Ilibidi nimvute hadi langoni. Sista alikuwa tayari ndani ya gari, kitambaa mapajani. Gari lilipoanza kuondoka, kidole gumba chake kikaenda ukingoni, kikitafuta pale pa zamani. Kikakuta uzi wa mama. Kikasimama kidogo, kisha kikaendelea kupapasa.