Mkono Ulioshonwa Mdomo

Masihara alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Karakana yao ilikuwa na desturi: Ijumaa, ukizubaa, unakuta mkono wa koti lako umeshonwa mdomo. Unachomeka mkono, haupiti, wenzako wanacheka hadi mashine zinasimama. Sheria ilikuwa moja tu: piga bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, uzi mweupe, ukivutwa mara moja utoke wote, na nguo ibaki vilevile.

Ijumaa hiyo alimlenga mpiga pasi, kaka wa mkewe, mtu mzima asiye na makuu, ambaye ndiye aliyemwombea kazi hapo. Shemeji alipotoka kuchota maji, Masihara akaliona koti kwenye msumari wake, limegeuzwa, bitana nyeusi ikiwa nje. Bandi ingemchelewesha. Akaupitisha mkono wa koti kwenye cherehani. Sindano ikasita, ikagugumia. Aliisikia kabisa. Lakini kicheko kilishamfika kooni, na kikifika hapo akili hukaa pembeni kukipisha.

Kumbe lilikuwa koti la ngozi la mteja. Limewekwa bitana mpya, linasubiri pasi.

Kitambaa unakifumua, unakipiga pasi, yamekwisha. Ngozi haina msamaha huo. Bosi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alipoligundua na kufumua uzi, vikabaki vitundu mduara mzima, kama koti limeng'atwa na panya mwenye nidhamu. Akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

"Hatoki mtu. Na wewe, mpiga pasi, koti lilikuwa msumarini kwako. Kama huna jibu, Jumatatu usije."

Shemeji akatazama pasi yake. Hakumtazama Masihara hata kwa bahati mbaya. Dirisha lilikuwa na nondo. Kila uongo alioujaribu Masihara kichwani ulimfikisha palepale: shemeji hana kazi, na yeye anarudi nyumbani kula meza moja na mkewe.

"Bosi, ni mimi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mmoja akamwambia aache, watu wana matatizo. Bosi naye akamkemea kwamba mzaha una mahali pake. Miaka minne ya kuwazuga watu mchana kweupe, leo nani amwamini?

Akavua koti lake mwenyewe, akaketi kwenye cherehani, akaushona mkono wa koti hilo: mishono mifupi, mwishoni kurudi nyuma mara tatu, kama alivyozoea. Bosi akaiweka mikono ya makoti yote mawili sambamba, akafuata vitundu kwa ukucha mpaka mwisho. Safari hii hakucheka mtu.

Mlango ukafunguliwa. Wakatoka mmoja mmoja, shemeji wa mwisho, bila kuaga. Masihara naye akainuka.

"Wewe kaa," bosi akamwambia. "Mwenye koti anakuja saa kumi na moja. Mchekeshe yeye."

Akatoka, akafunga kwa nje.