Tarumbeta ya Mlangoni

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mama harusini, kule Tumba, hapa Uswidi. Tulipomaliza pilau wakapiga ule wimbo wa dansi ambao kila mtu wa makamo anaujua, nami nikajikuta nyumbani kwetu Akalla, miaka ya themanini, kabla hata sijanawa mikono.

Jumapili zetu, ndugu yangu, zilinukia chapati na soksi za sufu zilizolowa theluji. Wageni wakishashiba, Baba hutoa santuri yake moja na kuipangusa kwa mkono wa shati. Sisi watoto tulikuwa na kazi yetu. Wimbo ukifika pale waimbaji wanaponyamaza na tarumbeta kuingia, Mama husema, "Mpisheni baba yenu," nasi huitikia kwa Kiswidi na kupunguza sauti ya santuri. Baba huwa amekwisha simama mlangoni, katikati ya makoti na mabuti, akipiga tarumbeta kwa midomo mitupu, mashavu yamemvimba.

Jirani yetu Mganda, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, aliuliza siku moja kwa nini tunaukatiza uhondo. Baba akamweleza. Mara ya kwanza wimbo ule ulirekodiwa redioni, Dar es Salaam, bendi nzima kwa maikrofoni moja. Tarumbeta ingewameza waimbaji, basi yeye, mpiga tarumbeta wa bendi, akapangwa mbali, mlangoni. Ukasikika hewani kwa muda, kisha kanda ikafutwa warekodie mambo mengine, maana kanda zilikuwa adimu. Bendi ilipokwenda Nairobi kuurekodi upya ili utoke kwenye santuri, Baba alikuwa ameshakuja Uswidi kusoma. Tarumbeta yenyewe ilikuwa mali ya bendi, ikapulizwa na mwingine, na huo ndio wimbo ulioenea.

"Asiyekuwapo na lake halipo," Baba alimalizia, akicheka kidogo. Tangu siku hiyo jirani akawa wa kwanza kukimbilia kitufe cha sauti.

Baba hatunaye tena, na ile nyumba wanakaa wengine. Kule Tumba, tarumbeta ilipoingia, hakuna aliyepunguza. Ikalia kwa nguvu, safi kabisa, ya mtu mwingine, na watu wakainuka kucheza. Anapiga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini nilimtamani Baba na mashavu yake.

Nikamgeukia Mama nimuulize kama amechoka. Hakunisikia. Alikuwa amejipinda kitini, anautazama mlango.