Kilio Changu Malakisi

Mimi ni fundi wa spika kutoka Matisi, Kitale. Juzi nilikodiwa kwenye mazishi Malakisi, ya mzee nisiyemjua kabisa. Mpigaji wa litungu, kinubi cha kienyeji, alipoanza, zile nyuzi zilinishinda. Nililia kando ya jeneza, kamasi na yote, kama mjinga.

Waombolezaji wakaanza kunong'ona. "Bana, si anafanana na marehemu!"

Dada ya marehemu akanishika mkono, akaniketisha kati ya watoto wa marehemu. Nilitaka kusema mimi ni fundi tu, lakini kwikwi zilinizidi.

Mjane akainuka, akachukua maikrofoni. "Kijana, si utuambie tu. Mama yako ni nani?"

Spika nilikuwa nimezifungulia hadi mwisho. Malakisi nzima ilisikia.