Onyo Lililobaki kwenye Katoni

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Mama Pindo, kwa ukali wake juu ya pindo zilizokwenda upande. Hakuwahi kumdanganya muuguzi. Kila alipokwenda kliniki kupimwa damu, kwa sababu ya vidonge alivyoandikiwa damu ilipomganda mguuni, aliulizwa, "Unatumia dawa nyingine?" Naye hujibu, "Situmii." Alisema kweli kadiri alivyoelewa: dawa humezwa, kinachonywewa kikombeni ni chai.

Chai yenyewe ilikuwa ya maua makavu ya kamomili. Tangu afiwe na mumewe, usingizi ulimpaa, na kikombe kimoja kilimtuliza. Sina ugomvi na kikombe kimoja. Lakini muuza mitishamba alimwambia, "Kunywa upendavyo, mama, maua hayana madhara," naye akafikia vikombe sita kwa siku.

Asubuhi moja fizi zilimtoka damu hadi adhuhuri, na mapaja yalijaa madoa meusi kama ya mtu aliyepigwa. Daktari kijana akauliza swali ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyejisumbua kuliuliza: "Na vinywaji je, shangazi? Unakunywa nini?" Kisha akatueleza kwamba kamomili nyingi huenda ikazidisha nguvu ya vidonge vile, hata damu ikakataa kuganda. Dada alilazwa siku nne.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja dukani kwa yule muuza mitishamba, nami nyuma yake. Muuzaji alikuwa akichota maua katonini na kuyatia katika vifuko vyeupe visivyo na neno hata moja. Ubavuni pa katoni palikuwa pamechapwa waziwazi: wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kwanza.

"Ulikuwa umeyasoma haya?" dada akamuuliza.

"Mama, nikiwasomea wateja yote hayo, si nitabaki kufukuza nzi?"

"Basi leo tutawafukuza pamoja. Sogea."

Akaketi kwenye benchi la wateja, katoni mapajani. Akaingia mzee mmoja, akaagiza vifuko viwili.

"Kaka, unameza vidonge vyovyote?"

"Vya moyo. Kazi yake hasa siijui."

"Kamuulize aliyekuandikia, ndipo urudi."

Mzee akaviacha vifuko mezani, akaondoka.

"Unaniharibia kazi, mama!" muuzaji akafoka.

"Mimi uliniharibia damu," dada akajibu, akaigeuza katoni maandishi yaelekee mlangoni. "Haya, mwite anayefuata."