Kikasha cha Mlangoni kwa Zakaria

Wapwa zangu, ninalotaka kuwasimulia hapa hamtaliamini, na sitawalaumu. Mnanijua. Mimi Evodius ndiye niliyewaambia kwamba nilikaza viti elfu kumi vya uwanja wa Wembley kwa mkono mmoja, mkacheka hadi mkamwaga chai. Chekeni tu. Lakini hili la Zakaria ni kweli tupu, na mwenyewe ameniruhusu kuliandika kwa sharti moja: alisome kabla yenu. Ndiyo maana naandikia mezani kwake, Kilburn, naye yuko upande wa pili anafuta miwani.

Zakaria Harun ni fundi wa miwani kwenye duka la barabara kuu. Anakunja fremu kwa koleo dogo, anaivalisha pua ya mteja kwa upole kama anamvisha mtoto kofia. Ni mzaliwa wa Arusha. Babu yake alitoka Yemen akafungua duka la vitambaa, na mtaa mzima ukawaita Waarabu, basi, mazungumzo yakaishia hapo. Ila Waarabu wale walifunga duka Ijumaa jua likiwa bado juu, wakafungua Jumapili, na hakuna aliyejisumbua kuuliza. Ni Wayahudi. Mimi mwenyewe, ninayejua kila kitu, nilikaa naye chumba kimoja miaka mitatu nikidhani ni Mwislamu mvivu wa kuswali.

Hapa London dukani wanamwita Zak. Wateja wakianza kubishana habari za dunia huku wanajaribu miwani, Zak huangalia masikio yao tu. Kwenye sherehe zetu Watanzania yeye bado ni yule Mwarabu wa Arusha. Siku moja alijikaza akaenda sinagogi. Getini mlinzi akamuuliza, kwa adabu kabisa, ametokea wapi, anamfahamu nani ndani, na wiki ile ni sikukuu gani. Zakaria alikuwa na majibu yote matatu. Lakini alipoona yule mlinzi anavyoipima rangi yake na lafudhi yake, akarudi hatua moja nyuma. Akasema anatafuta kituo cha basi. Alinisimulia huku anacheka, nami nikacheka zaidi yake, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Baadaye niliona hakuwa akicheka.

Sasa kikasha. Mama yake, Bi Badra, alipomuaga Arusha alimpa mezuza ya babu. Ni kikasha cha shaba chembamba kama kidole, na ndani yake kuna kipande cha ngozi kilichoandikwa maneno ya Torati. Hufungwa kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia wa anayeingia. Kila apitaye hukigusa, kisha hubusu vidole. Zakaria alipohamia flati hii alikifunga, na kwa miaka miwili alikigusa asubuhi na jioni.

Kisha ikaja wiki moja mbaya. Ukuta wa mtaa wa pili ulikutwa umeandikwa maneno dhidi ya Wayahudi, yakasuguliwa asubuhi ile ile, lakini kila aliyekwenda kazini alikuwa ameshayasoma. Wiki hiyo hiyo jirani wa mlango unaotazamana na wake, Bi Rupal, Mhindi wa Mombasa, akamuuliza kile kitu cha shaba ni nini.

«Kengele, Bi Rupal,» Zakaria akamjibu. «Imekufa.»

Jioni ile hakula. Akanipigia simu kwangu Thornton Heath, akaniambia ameikana nyumba yake mbele ya jirani ambaye mlango wake mwenyewe umening'inizwa shada la maua ya ibada na hajali nani anaona. Akaniomba nije nikifungue kile kikasha nikae nacho, maana yeye hawezi hata kukishika.

Hapo ndipo mjomba wenu alipaswa kusema hapana. Badala yake nilijidai mwenye hekima. Nikamwambia ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nikatoa skrubu mbili, nikaziba matundu, nikapaka rangi ikakubali. Nilimwahidi kwamba nitakifunga kwa hariri na kukiweka kwenye mtoto wa meza pamoja na rozari yangu.

Na hili hajalisoma bado. Hariri haikuwepo. Dirisha la bafu langu lilikuwa linajifunga lenyewe, na kile kikasha kilitosha pale kama kimetengenezewa. Miaka minne kimeshikilia dirisha.

Halafu Bi Badra akapata visa. Miaka sabini na tisa, mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona vivuli tu. Zakaria akaja kwangu hana rangi. Visa haikumpa shida, macho ya mama hayakumpa shida. Shida ilikuwa kwamba mama atafika mlangoni, atanyoosha mkono, na mkono hautakuta kitu. Angemweleza nini? Nikamwambia asihofu, fundi yupo. Nikakisugua kile kikasha kwa majivu na ndimu mpaka kikawaka.

Siku yenyewe yeye akaenda eapoti, mimi nikabaki hapa na bisibisi. Maagizo yake yalikuwa mawili. Upande wa kulia, na nifanye kazi nikiwa nimesimama ndani, nisitoe kichwa koridoni, jirani asinione. Nikasimama ndani. Nikainua mkono wa kulia. Nikafunga kulia. Kazi safi.

Bi Badra akatoka kwenye lifti ameshikwa mkono na mwanawe, yeye mdogo wa umbo, kilemba cheupe kichwani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akafika mlangoni, akainua mkono wake wa kulia bila kufikiri, kama mtu anayejikuna, akagusa mwimo. Rangi tupu. Vidole vikapanda, vikashuka. Vikasimama mahali pawili, pale nilipoziba matundu, ambapo mimi nilikuwa naapa hata malaika hapaoni.

«Huku, bi mkubwa,» nikasema. «Upande huu.»

Akapeleka mkono kushoto. Akakikuta. Hakubusu vidole.

«Zakaria,» akasema, «aliyeifunga hii alisimama ndani. Mtu anasimamaje ndani ya kwake kufunga mezuza? Alikuwa anamficha nani?»

Zakaria alikuwa ameshika sanduku kwa mikono miwili. Sijapata kuona mtu mzima akipungua vile. Na hapo, wapwa zangu, mlango wa mkabala ukafunguka. Bi Rupal, na Kiswahili chake cha Mombasa, uso wote unacheka.

«Zakaria bhai, kengele yako imepona?»

«Kengele gani?» mama akauliza.

Zakaria akaweka sanduku chini. Bi Badra akalipapasa sanduku, akalikalia hapo hapo koridoni. Akasema, bila ukali, kwamba babu yake Zakaria alifika Arusha hana hata sufuria, na kabla ya kutafuta maji alitafuta msumari.

Zakaria akamgeukia jirani. Masikio yalikuwa yamemwiva.

«Si kengele, Bi Rupal. Ni mezuza. Sisi ni Wayahudi. Nilikudanganya.»

Bi Rupal akatazama kile kikasha, akamtazama mama. «Na mimi niliibonyeza mara mbili ukiwa kazini,» akasema. Akaingia kwake akatoka na kigoda, akamwinua Bi Badra kwenye sanduku, akamkalisha vizuri.

Zakaria akachukua bisibisi. Akasimama koridoni, mgongo kwa lifti, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni wanamtazama. Akakitoa kikasha kule kushoto, akazibua matundu ya zamani, akakishika hapo. Akaanza ile baraka yao, ikamkatikia katikati. Akarudia, ikakatikia pale pale. Mama yake akaimalizia kutoka kwenye kigoda, polepole, kama unavyomkumbusha mtoto jina la shule yake. Kisha akainuka, akagusa, akabusu, akaingia, akaomba chai. Kwa miezi miwili aliyokaa hakulitaja tena. Lakini Zakaria hata leo akikigusa huangalia chini.

Na mimi, mtauliza, nilikuwa wapi wakati huo? Mjomba wenu hakujificha. Nilisimama katikati ya korido, kifua mbele, nikamkiri Bi Badra makosa yangu yote, la chongo na la dirisha, na wapangaji wa ghorofa tatu wakashuka kunisikiliza, nikawaambia kwa sauti iliyotikisa vioo kwamba mimi Evodius ndiye—

«Evodius,» anasema Zakaria, miwani puani, kidole juu ya mstari huu huu. «Ulikuwa bafuni. Ulijifungia kwa ndani. Na dirisha gani?»